Siku Kogo Alipotoa Burashi ya Vibuyu

Majuzi nikipita Litein na gari la kukodi, kitaa chekundu chenye umbo la birika kikawaka kwenye dashibodi mbele yangu. Nikazima injini palepale, katikati ya bodaboda, mwanamume mmoja akinitukana tusi ambalo siwezi kuliandika hapa. Anitukane tu. Kitaa kile nakijua tangu utotoni, rafiki yangu, na hakichezewi. Kikiwaka, ujue oili haifiki inakotakiwa na injini inajisaga yenyewe. Nikiwa nangoja kuletewa oili, harufu ya majani chai mabichi iliingia dirishani, na mawazo yakanipeleka Kimulot, kijijini kwetu.

Kwetu kulikuwa na pikapu kuukuu, rangi yake ya kijani imepauka kabisa. Boma letu lilikuwa bondeni, na kituo cha kuuzia majani kilikuwa juu kileleni. Kabla ya pikapu, mama alipanda mlima ule na kikapu mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mpaka mgongo ukamshinda. Asubuhi moja nilimkuta ukingoni mwa kitanda analia kwa sababu hawezi kuinama kufunga viatu. Pikapu ilipokuja, mama akapumua. Alikaa mbele kando ya baba kama mke wa chifu, nasi watoto nyuma juu ya magunia. Majani yalitutia baridi, ukungu wa msituni ulitushukia taratibu, na injini ilinguruma polepole hadi nikasinzia. Mpaka leo sijapata usingizi mtamu kama ule.

Halafu kitaa kikaanza. Tukiwa bondeni, hakuna neno. Tukianza kupanda na mzigo, hicho, chekundu, na injini inagonga ko-ko-ko. Baba alipima oili kwa kijiti, akaikuta imejaa. Akatia ile nzito ya trekta, mambo yakatulia kidogo, kisha kitaa kikarudi. Akakata tamaa. Alisema beringi zimekwisha, injini ni ya kutupa, akamwita mnunuzi wa vyuma vikuukuu aje Jumamosi. Mama alishusha kikapu chake cha zamani kutoka darini, akaanza kukishona. Siku ile nilimchukia baba, nasema ukweli.

Kogo, ndivyo tulivyomwita nyanya mzaa baba, alimwona mama akishona. Yeye mwenyewe alikuwa amepinda, akitembea uso ukitazama ardhi, maana kuni na maji alivibeba tangu usichana wake. Pikapu hakuipenda hata kidogo, alidai inanuka kuliko beberu. Lakini ndiye aliyenituma nikamwite jirani yetu fundi, ambaye wazazi wake walihamia kwetu kutoka upande wa Nyeri na ambaye Kipsigis chake, lugha yetu, kilituvunja mbavu.

Fundi alifungua swichi ya kile kitaa, akafunga geji ya kupima msukumo wa oili mahali pake, akamwambia baba akanyage mafuta. Injini ikiwa imetulia, mshale ulisimama vizuri. Ikikanyagwa, mshale ukaanguka.

"Mzee, kama ni beringi ingesumbua hata ikiwa imetulia," fundi alisema. "Hii inavuta oili na haipati. Imeziba huku chini."

Akalala juu ya gunia chini ya gari, akashusha lile karai la chuma linalohifadhi oili. Wacha we! Ndani mlikuwa na tope jeusi, zito kama ugali wa wimbi, limeganda kwenye chujio ambalo pampu hunyonyea oili.

"Mnapanda hapo juu tu, mnarudi," akasema. "Gari haipati moto ya kutosha. Lazima ishike uchafu."

Alilowesha chujio kwenye mafuta ya taa, lakini tope liling'ang'ania kwenye matundu. Burashi ya waya ingetoboa wavu ule, na kitambaa kingeacha nyuzi. Akazunguka boma akitafuta kitu kigumu ambacho si chuma. Kogo akaingia jikoni, akatoka na burashi yake ya mtende, ile ya kusugulia vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Sisi watoto tulichapwa kwa kuigusa tu, na mwanamume kuishika ulikuwa mwiko. Isitoshe, ikishaingia oili haiwezi kurudi kwenye maziwa tena.

"Kogo, hapana," mama alisema. "Hiyo ni ya maziwa."

"Maziwa tutakunywa hivyo hivyo." Kogo akampa fundi burashi, kisha akamgeukia mama. "Wewe hautapinda kama mimi."

Mama alijifunika uso kwa leso akalia mbele ya watu wote. Fundi alisugua chujio mpaka likang'aa, akarudisha kila kitu, akatia oili mpya. Baba alipokanyaga mafuta, mshale ulipanda na kukaa. Jumamosi mnunuzi alinyweshwa chai, akarudi mikono mitupu.

Pikapu ilitubebea majani miaka mingi, mpaka sakafu ikatoboka, na mwishowe ikauzwa. Siku hizi mlima ule una lami, na mashine za kuchuma zinapiga kelele mahali akina mama walipokuwa wakiimba. Kogo amezikwa nyuma ya jikoni. Maziwa tunanunua ya pakiti, na kila nikiyanywa naona uchungu.

Siku ile ya kitaa cha Litein nilifika nyumbani nimechelewa. Mama alikuja kunilaki hadi getini, kuku kwapani, akinigombeza tangu mbali. Sasa ana umri aliokuwa nao Kogo wakati ule. Alikuwa anatembea wima kabisa. Nikamkumbatia, nikaupapasa mgongo wake kwa viganja vyote viwili, naye akaniuliza kwani nimepatwa na nini.