Kufuli na Jani la Isale

Kila asubuhi, kabla hajasema neno na mtu, Salvina alikwenda nyuma ya nyumba, akaishika kufuli ya kibanda cha dawa ya kuulia wadudu wa kahawa na kuivuta mara saba. Jogoo akiwika katikati ya hesabu, alianza upya. Siku nyingine umande ulikauka migombani yeye akiwa bado amesimama pale, kiganja kinanuka chuma.

Majirani zake, kule mlimani juu ya mji wa Mkuu, walimjua kama mpika mbege, pombe ya ndizi. Hakuna aliyechanganya ndizi na ulezi kama yeye, na hakuna aliyesugua pipa kama yeye. Denis, mdogo wa mumewe, alipokuja kutoka Dar kula Krismasi, alimtania mbele ya wanywaji.

"Shemeji ana OCD huyu! Hata mimi ninayo. Viatu visipopangwa silali."

Watu wakacheka. Salvina naye akacheka, kisha akarudi kusugua pipa.

Hakusugua pipa kwa kupenda usafi. Tangu amzae Kindness, miaka miwili nyuma, wazo moja lilikuwa limemganda kama ruba: huenda umetia dawa ya kahawa kwenye pombe ya watu, ukasahau. Alijua hakutia. Lakini kujua huko hakukudumu hata dakika tano. Desturi humtaka mpishi aonje kwanza, wateja waone pombe haina neno. Yeye alionja kata ya kwanza, ya pili, ya tatu, akisubiri tumbo limwambie. Mara mbili alimwaga pipa zima akasingizia limechacha. Angemwambia nani? Utaanzaje kumweleza mama mkwe kwamba kichwani mwako unaua watu kila siku ya soko?

Ndipo Kastori, jirani wa chini ya mfereji, alipokunywa mbege ya Salvina na kushikwa na tumbo.

Habari zilimfikia Salvina upesi. Alichuma jani la isale uzioni, akalipiga fundo, akateremka nalo. Isale ni jani la kuombea msamaha. Ukiletewa, hukatai, hata kama umeuliwa ndugu. Gladys, mke wa Kastori, alilipokea kwa mikono miwili, kisha akalitazama kama nyoka.

"Isale ya nini, jirani?"

"Nisameheni."

"Kwa kosa gani?"

Salvina alinyoosha shingo kutazama ndani, Kastori alikokuwa amelala.

"Salvina! Umempa nini mume wangu?"

Kufika jioni Kastori alikuwa amekaa barazani, mzima, akijicheka. "Maparachichi matano juu ya mbege! Nani alinituma?" Hakuna aliyemsikiliza. Jani lilikuwa limeshasema. Tangu lini mtu akapeleka isale bila kosa? Wengine walisema Salvina amerogwa. Wengine, kwamba mrogaji ni yeye. Kesho yake Eliona, mama mkwe wake, alimfunga Kindness mgongoni bila kumtazama mama wa mtoto usoni.

"Mtoto atakaa kwangu. Mpaka tujue."

Siku hiyo Salvina aliivuta kufuli mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Kilichomtisha kuliko vyote ni kwamba pengine walikuwa na haki. Pengine kweli mtoto hakuwa salama mikononi mwake.

Mumewe, Sylvanus, aliporudi na lori kutoka Holili, alimpeleka hospitali mjini Moshi. Eliona akaenda nao, ayasikie kwa masikio yake. Muuguzi wa afya ya akili, Violet, alimsikiliza Salvina mpaka mwisho bila kuinua hata nyusi.

"Hii ndiyo OCD wanayoitania watu," alisema. "Wazo usilolitaka linakung'ang'ania, nawe unafanya jambo fulani ili likuachie upumue. Kisha linarudi. Si kupenda usafi, si uchawi, wala si mpango wa kuua mtu. Linakutisha kwa sababu hulitaki."

"Lakini alipeleka isale," Eliona akasema.

"Isale ilikuwa kufuli nyingine, mama. Aliivuta ili hofu ilegee."

Eliona akakaza kanga kiunoni.

Salvina alipewa vidonge, na kazi iliyo ngumu kuliko vidonge: kukifunga kibanda mara moja na kuondoka, hofu ikimpigia kelele mgongoni. Juma la kwanza alipiga hatua kumi, akarudi mbio. Juma la nne alifika mferejini, akaketi juu ya jiwe akitokwa jasho kama mwenye homa. Mara kwa mara aliiona kanga ya Eliona katikati ya migomba, imesimama, inatazama.

Msimu wa kupulizia kahawa ukaingia, na dawa mpya ikapangwa kibandani, chupa sita. Asubuhi ile ile Eliona akatokea mlangoni, Kindness mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuketi. "Nina swali moja tu, mama Kindness. Nikikuachia mtoto leo, ile kufuli utaivuta mara ngapi?"

Salvina alitazama kiguu cha mwanawe kikining'inia kwenye kanga. Wazo likaja palepale, kama lilivyozoea: je, kama utamtilia dawa, ukasahau? Hakugeuka kutazama kibanda.

"Mara moja, mama," alisema. "Nitaogopa. Lakini mara moja."