Viganja vya Mama

Harufu ya mafuta ya taa kwenye gereji yoyote hunirudisha uani kwetu, Karatu. Baba ameifungua hedi ya injini ya gari letu kuukuu, ameichonga ili lipate nguvu. Mama amechuchumaa anasaga valvu zikae na kuziba sawasawa, anazungusha kijiti kati ya viganja kama anayepekecha moto.

“Saga vizuri, mama watoto,” baba alisema. “Safari hii tunapanda mlima wote, tukamsalimie mama yako kule Malambo.”

Mama alisaga mpaka viganja vikachubuka.

Alfajiri baba aliondoka peke yake, na nguo zake zote. Mama alisimama mlangoni akisikiliza. Siku zote gari lilizimika kona ya pili, baba akarudi kwa miguu kuomba tukalisukume.

Siku hiyo lilipita kona zote bila kuhema hata kidogo. Mama alikuwa amesaga vizuri.