Aikande wa Kwenye Wimbo

Kila ninapopita penye trei tupu za mayai, zile za karatasi ya kijivu, harufu yake ya vumbi na kuku hunirudisha mtaani Pasua, kwenye chumba ambacho bamdogo wangu Frenki alikiita studio. Alikuwa amezibandika trei hizo ukutani kuanzia chini hadi darini, ili kelele za mashine ya kusaga ya jirani zisiingie kwenye nyimbo zake. Ziliingia vilevile.

Nilikuwa na miaka kumi, na hata wakati huo sikujua kutulia. Badala ya kuosha vyombo nilikaa pale nikiuliza kila waya unakwenda wapi. Siku hiyo bamdogo alikuwa na wimbo mzima kuhusu msichana aliyemtosa akaondoka na dereva wa Kahe. Kilichokosekana ni jina la msichana.

"Weka Neema," nikamwambia.

"Neema ni mke wa mwenye mashine. Unataka nipigwe?"

"Basi weka Aikande."

Akacheka. "We mtoto, hilo si jina la Mama?"

"Ni langu pia."

Na ilikuwa kweli. Kwa desturi yetu, mimi binti wa kwanza nilirithi jina la bibi mzaa baba, ingawa shuleni niliitwa Rozi. Niwaambie ukweli: nilitaka tu kulisikia jina langu likitoka kwenye spika. Bamdogo akalijaribu juu ya mdundo, mara moja, mara mbili. Likakaa kama nguo iliyopimwa kwa fundi.

"Kwani huko mlimani nani anamwita hivyo?" akajisemea. "Wote wanamwita Mama Elia."

Elia ni baba yangu.

Wimbo ukapendwa. Ukahama kutoka simu hadi simu, ukapanda Kibosho kabla yetu. Tulipofika kijijini kwa ajili ya Krismasi, baridi ikinukia moshi na maua ya kahawa, tulimkuta Bibi amejifungia jikoni. Wifi yake mmoja alikuwa amelikumbuka jina lake akalitangaza, na sasa watoto walimfuata bombani wakiuliza, "Aikande, dereva wako hajambo?" Mwanamke aliyeitwa kwa heshima jina la mwanawe tangu akiwa kijana, jina lake lilikuwa likichekwa hadi vilabuni. Alikuwa ameacha kwaya. Kanisani hatakwenda, alisema, hata Krismasi yenyewe, na Frenki asikanyage uani kwake.

Bamdogo hakubishana. Alikwenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, akakata jani la isale, akalifunga fundo. Kwetu jani hilo ndilo la kuombea msamaha, na kulikataa si jambo dogo, lakini Bibi alikuwa mtu wa kuweza kulikataa. Bamdogo akapiga magoti mlangoni pa jiko. Mimi nilikuwa ndani na Bibi nikimenya ndizi za mtori.

"Shikamoo, Mama."

Bibi akachochea kuni motoni.

"Nimekosa, Mama."

"Jina hilo alikupa nani?"

Niliacha kumenya.

"Nililitoa mwenyewe. Sina akili."

"Hilo la akili nalijua siku nyingi," Bibi akasema. Lakini hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akinitazama mimi, kwa muda mrefu. Kisha akaguna. "Dereva wa Kahe! Mimi hata baiskeli sijawahi kupakiwa." Akanyoosha mkono, akalipokea jani.

Siku ya Krismasi Bibi aliimba kwaya, mstari wa mbele.

Kwa miaka mingi niliamini nimeponyoka. Niliacha shule mapema, nikazunguka Kahama, Tunduma na kwingine, na ni huko barabarani ndipo nilipofahamu kwamba Bibi alijua. Jikoni mle tulikuwa wawili tu wenye jina lile. Alipokea jani moja akasamehe watu wawili, wala hakutaka nione aibu.

Mwaka jana nilimpigia bamdogo nikamwuliza kwa nini hakunitaja.

"Nikutaje ili iweje?" akasema. "Wewe ulitoa jina tu. Aliyeimba ni mimi."

Nikamwambia asante, iliyochelewa miaka yote hiyo.