Mlango Uliohama na Barafu

Siasi ana mdomo, hilo sikatai. Mpe chai ya vuguvugu uone atakavyokusema. Lakini hapa Nunavik, kaskazini mwa Kanada, ukitaka kushuka chini ya barafu kuokota kome, omba ushuke na Siasi.

Kazi yenyewe hungoja bamvua, siku ambazo maji hupwa sana. Maji yakipwa, barafu ya ghuba letu hushuka nayo ikalalia mawe, na chini yake hubaki uwazi wa kutambaa. Tunatoboa tundu la kuingilia, tunashuka na tochi, tunaokota, tunatoka kabla maji hayajarudi. Siasi hukaa mlangoni. Akiita, unatoka, hata kama ndoo ina kome mmoja.

Siku ile Aalasi alikuwa aokote kome wake wa kwanza. Jana yake alishuka kutazama tu. Binti huyu alipewa jina la marehemu mama yake Siasi, kwa hiyo Siasi, na mvi zake zote, humwita mama, naye humwita mwanangu. Kome wa kwanza ni haki ya mkunga aliyekupokea ulipozaliwa, na mkunga wake, bibi Ilisapi, alishakaa kando ya tundu, kisu mkononi.

"Mama, usiende mbali," Siasi alimwambia. "Na usichelewe, bibi huyu ataanza kutafuna glavu."

"Nizitafune kwa meno gani?" Ilisapi akauliza.

"Haya, mwanangu," Aalasi akacheka, akashuka. Nasi tukamfuata.

Baadaye barafu ikaanza kulia juu yetu. Maji yalikuwa yanarudi. Siasi akaita, tukatoka sote isipokuwa Aalasi. Akaita tena. Chini ya tundu maji yalishaanza kupita kati ya mawe.

Siasi aliutazama ufa ulioitenga barafu na ufuo. Ulikuwa umepanuka.

"Barafu imevutwa na maji ya jana, tundu limekwenda nayo," alisema. "Jana tulishukia kwenye jiwe jeusi. Mama yuko pale pale, anautafuta mlango."

Ni kosa la mgeni wa kule chini: anakariri jiwe, kumbe jiwe halihami, mlango ndio unaohama.

"Ngoja tuwaite wanaume walete kamba," Ilisapi akasema.

"Maji yatawangoja?"

Siasi alivua koti akaingia. Hakuzunguka kutafuta, alielekea moja kwa moja upande wa ufuo. Tukamsikia: "Mama, acha kupapasa dari! Fuata sauti yangu!" Niliinama tunduni nikawamulikia tochi.

Kichwa cha Aalasi kikachomoza, kinasukumwa kutoka chini. Tukamvuta kwa kofia ya koti. Siasi akafuata, kalowa hadi kifuani.

"Maji yamekufika kiunoni, mama, bado umekumbatia ndoo?"

"Ni haki ya mkunga, mwanangu."

Kwenye hema letu la ufuoni tuliwabadilisha nguo, tukawapa chai ya moto. Aalasi akaiweka ndoo mbele ya Ilisapi. Bibi aliwatazama wale kome aliowangoja tangu binti huyu akiwa kichanga, kisha akaisukuma ndoo kwa Siasi.

"Mara ya kwanza nilimpokea mimi," alisema. "Leo kapokewa na wewe."

Siasi, na mdomo wake wote, alikaa machozi yanamtoka, mpaka Aalasi akafungua kome mmoja akamsogezea.

"Kula, mwanangu."