Siku ya Tisini na Moja

Kwa miaka kumi na tisa kazi ya Glenys Pickup katika halmashauri ya Harrowclough ilikuwa kupiga simu. Mzee akitoka hospitali na kupewa wahudumu wa kumsaidia kusimama tena kwa miguu yake, zilihesabiwa siku tisini na moja, kisha Glenys akapiga: bado yuko nyumbani? Fomu ilikuwa na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Aliyefariki, aliyerudi wodini, aliyepelekwa makao ya wazee, wote hapana. Ndivyo halmashauri inavyojua kama inatunza watu wake, na anayeona ni upuuzi, Glenys alizoea kusema, akawaambie mwenyewe, mimi nilishachoka.

Tarehe tatu Oktoba jina la mumewe, Derrick, liliingia kwenye orodha. Kiharusi; siku hiyo ndiyo alitoka hospitali. Wahudumu walikuja wiki sita, wakamfundisha kufunga vifungo kwa mkono mmoja, wakaenda zao. Tangu tarehe ile Glenys alikuwa akihesabu. Alijua kuliko mtu yeyote kwamba namba haimlindi mtu, lakini mfa maji haachi kutapatapa: akifika tisini na moja, alijiambia, amepona.

"Leo ya ngapi?" Derrick aliuliza kila asubuhi, mdomo umepinda.

"Themanini na nane. Usiniangushe."

"Nikifika mtanipa medali?"

"Utapewa alama ya kijani."

"Mabahili wakubwa nyie."

Siku ya themanini na tisa, mchana wa kufunga mwaka, alikufa kitini, redio ikitangaza mpira, chai yake haijapoa. Glenys alikitoa kikombe mkononi mwake, akakiosha, akakifuta, ndipo akampigia daktari.

Tarehe mbili Januari alikuwa mezani kwake kazini. Hakulia. Hakuhisi kitu, hata baridi. Farzana, wa meza ya pili, alipoliona jina kwenye orodha ya siku hiyo aliinuka akafunga mlango.

"Shoga, hii niachie mimi. Mtu kafia nyumbani kwake, kwenye kiti chake. Nikitia ndiyo nani atanishika?"

"Swali ni kama yuko."

"Glenys, jamani..."

"Hayuko, Farzana." Akaitia alama mwenyewe kwenye hapana, akapiga simu iliyofuata.

Orodha nzima ilipofungwa ilikuwa na watu mia moja na kumi na sita, na tisini na watano ndio waliokuwa bado nyumbani. Hiyo ni themanini na moja nukta tisa kwa mia, na lengo ni themanini na mbili. Angekuwepo Derrick, mstari wao kwenye ripoti ungekuwa kijani, rangi ya waliofikia lengo. Ukawa njano.

Kamati ya madiwani ilikaa majira ya kuchipua, Glenys akiandika kumbukumbu za kikao kama kawaida. Diwani Ollerenshaw, aliyekuwa akisinzia tangu ukurasa wa kwanza, alivaa miwani.

"Hii njano ya nini? Mwaka jana si tulikuwa kijani?"

Mkuu wa idara, mgeni wa wiki mbili, alipekua karatasi zake. "Tofauti ni mtu mmoja tu, Diwani."

"Mmoja? Aa, nilidhani kuna jambo. Tuendelee."

Farzana aliinamisha uso. Glenys alisubiri uchungu umshike, naye aliutaka, lakini haukuja. Kalamu ilikuwa mkononi, akaandika alivyoandika miaka yote: *Ukurasa wa nne. Mtu mmoja. Hakuna hatua ya kuchukua.*