Jina la Mama kwenye Cheti

Simu ilitetemeka mfukoni wakati Koplo Aloyo amesimama katikati ya njia panda kule Nakivubo, jijini Kampala, mkono mmoja umezuia magari, mwingine unayaita. Hakuitoa. Alisubiri mpaka zamu yake ilipoisha saa saba mchana, akavuka kwenda kwenye kivuli cha duka la vitambaa, ndipo akasoma. Ubalozi wa Uswidi ulimjulisha kwamba ombi lake na la bintiye Acen, la kumfuata mumewe, limefika hatua ya mwisho. Kilichobaki ni kipimo cha DNA cha mama na mtoto. Waje tarehe kumi na tisa, saa tatu asubuhi, na pasipoti zao.

Aliisoma mara tatu. Kisha akaketi kwenye ngazi ya duka, afande mzima na sare yake nyeupe, mbele za watu.

Mumewe, Ocira, alikuwa na mwaka wa nne Uswidi, akiwahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia, kwenye mji mdogo ambao Aloyo hakuwahi kulitamka jina lake sawasawa. Jioni hiyo alipiga simu akiwa amejaa furaha.

"Umeona barua, Mama Acen? Ni mate tu. Wanapitisha kijiti cha pamba shavuni, basi. Mkimaliza hapo, mnafunga mizigo."

"Nimeona."

"Mbona sauti imekauka?"

"Vumbi la barabarani," alisema Aloyo.

Acen hakuwa mtoto wa tumbo lake. Siri hiyo walikuwa wameishika watu watatu, na mmoja wao, mama yake Aloyo, alikwisha kuzikwa Lira. Miaka kumi na minne nyuma, mdogo wake Aloyo, Goretti, alipata mimba akiwa bado shuleni. Baba yao alikuwa sajini wa jeshi, mtu asiyerudia neno, na wakati huo alikuwa kazini Somalia. Mama aliamua kabla hajarudi. Goretti alipelekwa kujifungua katika zahanati moja nje ya mji, akaandikishwa kwa jina la dada yake, ambaye tayari alikuwa polisi. Mzee akirudi atakuta mjukuu kutoka kwa binti mkubwa mwenye kazi yake. Atafoka, kisha atapoa. Na kweli alifoka, akapoa, akafa akimpenda yule mtoto kupita wote. Cheti cha kuzaliwa kilitoka na jina la Aloyo, na tangu hapo hakuna aliyekigusa.

Ocira alipomwoa, Acen alikuwa na miaka minne. Aliambiwa kwamba baba wa mtoto alitoweka, naye hakuchimba zaidi. Baadaye mimba zikaanza kumtoka Aloyo, moja, mbili, tatu. Kila mara Ocira alikaa kando ya kitanda akamfariji: "Ulishazaa mara moja, utazaa tena." Naye Aloyo aligeukia ukutani.

Kesho yake, siku ya mapumziko, alikwenda Katwe. Goretti alikuwa akiuza sigiri, yale majiko ya mkaa ya bati, mbele ya karakana ambamo nyundo hazinyamazi tangu asubuhi. Hapo mtu angeweza kutangaza jinai yake na jirani asisikie.

Goretti aliisoma barua kwenye simu, midomo ikicheza. Aliporudisha simu hakuwa amebabaika.

"Nitakwenda mimi, dada."

"Wapi?"

"Ubalozini. Kwa pasipoti yako. Nikisuka nywele kama zako, nani atatutofautisha? Hata mama alikuwa anakosea akituona kwa mgongo. Kijiti hakiulizi jina."

"Mimi ni polisi, Goretti. Unajua hilo linaitwaje?"

"Na cheti kile kinaitwaje?"

Aloyo alitazama mikono ya mdogo wake, imejaa masizi, inapanga majiko ambayo yalikwisha kupangwa. Goretti hakuwahi kuolewa wala kuzaa tena. Kila Krismasi alimnunulia Acen gauni, akalipeleka kwa jina la mama mdogo, akala chakula, akarudi Katwe kabla jua halijazama.

"Akienda huko hutamwona," Aloyo alisema.

"Simwoni hata sasa."

Kwa hiyo walikubaliana. Siku zilizobaki Aloyo alizipita kama mtu anayetembea juu ya paa la bati, akihofia kila hatua italia. Kazini aliachia magari ya pande mbili kwa pamoja, yakabakiza shubiri moja kugongana. Nyumbani, Ocira alipopiga simu, alimpa Acen aongee, yeye akijifanya yumo jikoni.

Asubuhi ya tarehe kumi na tisa alimketisha binti.

"Leo utaingia na mama mdogo. Ukiulizwa huyu ni nani, sema ni mama."

Acen alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu, mwenye tabia ya kukodoa jicho moja akiona jambo halijakaa sawa. Alilikodoa.

"Kwa nini?"

"Utaelezwa baadaye."

"Ni uongo?"

"Acen, vaa viatu."

Aloyo alibaki ng'ambo ya barabara, amevaa kiraia. Aliwaona wakiingia kwenye foleni, Goretti amevaa blauzi yake, ameshika pasipoti yake, nywele zimesukwa kama zake. Ilikuwa kama kujitazama mwenyewe ukiwa mbali, ukifanya jambo ambalo huwezi kujizuia. Mlinzi wa lango alipokea pasipoti, akatazama picha, akatazama uso, akatazama picha tena. Kisha akamwinamia mtoto.

"Huyu ni nani wako?"

Acen aligeuka, akatazama ng'ambo ya barabara, akamtafuta Aloyo kwa macho mpaka akampata. Mlinzi naye akaanza kugeuza shingo afuate macho ya mtoto.

Aloyo alivuka. Bodaboda moja ilimkwepa kwa upana wa unywele, dereva akamtukana kwa Kiganda. Alifika langoni, akaichukua pasipoti mkononi mwa mlinzi kwa upole, kama mtu anayechukua chake, akamwambia kwa heshima ya Kiganda:

"Samahani, ssebo. Tutaandika barua. Leo hatuingii."

"Nyabo, kuna tatizo?"

"Lipo, lakini si lako."

Waliteremka kilima. Penye ukingo wa barabara wenye nyasi Aloyo alisimama, maana aliona akifika nyumbani ujasiri utakuwa umekwisha. Alimwambia Acen yote, akianzia zahanati. Goretti alilia kimya kimya. Aloyo hakulia, alisema kama anayetoa taarifa kituoni, kwa sababu asingeweza kusema kwa namna nyingine.

Acen alisikiliza mpaka mwisho. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Kumbe magauni yale..." alimwambia Goretti. Kisha akamgeukia Aloyo. "Nina mtihani wa hisabati saa tano. Nipeleke shule."

"Mwanangu..."

"Nipeleke shule."

Aloyo na Acen walipanda boda mpaka shuleni Kibuli. Acen aliingia getini bila kuangalia nyuma. Jioni alirudi, akala, akafua soksi zake, na kwa siku kumi hakumwita Aloyo kwa jina lolote. Alisema "naomba chumvi" kana kwamba anaiambia meza.

Siku ile ile ya ubalozini Aloyo alimpigia Ocira. Aliongea wima, mgongo umeegemea mlango.

"Zile mimba tatu," Ocira alisema alipomaliza kusikiliza. "Nilikuwa nakwambia ulishazaa."

"Nakumbuka."

"Na wewe ukaniacha niseme."

"Nilikuacha."

Akakata. Hakupiga siku tisa. Siku ya kumi simu ililia, Aloyo akaipokea kwa mikono miwili. Ocira hakumsalimu. "Nipe Acen," alisema. Waliongea karibu saa nzima, mlango umefungwa, na hakuna aliyemwambia Aloyo yaliyosemwa. Ila asubuhi yake Acen alimwita mama, kwa sauti ya chini, akimuuliza chai iko wapi.

Aloyo aliandika ubalozini ukweli wote. Alimweleza pia mkuu wake wa kituo kabla hajasikia kwa wengine, akapewa onyo la maandishi na kuondolewa barabarani, akawekwa dawatini kupokea malalamiko ya watu. Majibu ya ubalozi yalikuja baada ya miezi miwili: yeye amekubaliwa, Acen amekataliwa, mpaka iletwe amri ya mahakama inayompa Aloyo ulezi, kwa ridhaa ya mama mzazi.

"Njoo wewe kwanza," Ocira alimwambia. "Kibali kina tarehe ya mwisho."

"Siji bila yeye."

"Kikiisha muda?"

"Kitaisha."

Kiliisha kweli. Mahakamani hakimu, mwanamke mwenye miwani, alimuuliza Goretti kama anatia saini kwa hiari yake. Goretti alisema ndiyo, lakini kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu. Kisha hakimu akamuuliza Acen anataka nini.

"Nataka kwenda na mama," Acen alisema. "Lakini cheti kirekebishwe. Kiandikwe aliyenizaa."

Amri ilitoka mwezi wa kumi na moja. Cheti kipya kina jina la Goretti, na Jumamosi Acen hushinda Katwe akiuza sigiri, anarudi ana masizi mpaka kwenye nyusi. Ombi lao jipya limepelekwa, halijajibiwa.

Mwezi wa kwanza Ocira alikuja likizo. Aloyo alimpokea uwanja wa ndege, wakakumbatiana kama watu wanaotambulishwa. Siku ya tatu, wakiwa wawili mezani, Ocira aliweka kijiko chini.

"Kuna lingine?"

"Hakuna."

Ocira alimtazama, si kwa hasira, bali kama mtu anayesoma maandishi madogo chini ya mkataba. Halafu akausogeza ugali katikati yao, akanawa mikono, akaanza kula.