Flashi Yangu na Maziwa ya Mama Wankuru

Jamani, mkasa huu kila ninaposimulia watu wanaanza kwa kucheka halafu katikati wananyamaza, kwa hiyo chekeni mapema. Mimi ni mwalimu wa jiografia, nilipangiwa kijiji cha Kisaka, na siku ya kikao cha wazazi nilijivua nguo mwenyewe mbele ya kijiji kizima kwa sababu ya kidude kidogo kuliko kidole changu.

Chanzo ni kompyuta ya ofisini. Iko moja tu, tunaigombania, na mkuu wa shule ana tabia ya kupitia kila ulichofungua (ukisoma tangazo la kazi leo, kesho anakuuliza mbele ya wenzako kama umeshatuchoka). Binamu yangu Gati, fundi kompyuta pale Bomani, akaniwekea kivinjari ndani ya flashi: unachomeka, unaingia intaneti kutoka humo humo, kwenye kompyuta hakibaki kitu. "Ukichomoa tu, umeondoka na siri zako," akaniambia. Nikamwamini, wala sikujiuliza hizo siri zinakwenda kukaa wapi. Kumbe zilikuwa zinakaa kwenye flashi, na flashi hiyo hiyo ndiyo niliyobebea kazi za shule.

Siku ya kikao tulitaka kuwaonyesha wazazi picha za bweni la wasichana la shule nyingine, wapate hamu ya kujenga letu. Picha zilikuwa kwenye barua pepe yangu. Basi nikachomeka flashi kwa madaha yote, projekta inamulika ukutani, wazazi wametulia, na mbele kabisa kakaa Mama Wankuru, jirani yangu, ambaye tangu nifike alikuwa ananiletea kibuyu cha maziwa kila Jumamosi (na kule ukikataa maziwa ya mtu umeikataa nyumba yake, kwa hiyo nilikuwa napokea, nashukuru, nafunga mlango). Kivinjari kikafunguka pale pale nilipoishia jana yake, kwenye barua niliyokuwa namwandikia Gati, herufi zimejaa ukuta mzima.

Nikabonyeza nifunge, hakifungi. Kivinjari kinachoendeshwa kutoka kwenye flashi ni kizito, kikikwama kimekwama, nabonyeza huku jasho linanitoka na watu wanasoma. Mzee mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, hapo pameandikwa nini? Wengine macho hayafiki huko." Na makamu mkuu wa shule, ambaye hata matangazo ya asubuhi huwa anasoma kwa kulazimishwa, siku hiyo akapata sauti:

"Gati, nitafutie mtu wa kubadilishana naye kituo, nije mjini, huku nitaoza. Yule mama bado ananiletea maziwa yake yananuka moshi, nammwagia mbwa."

Mpaka leo simsamehe yule makamu, maana angeweza kuishia sentensi ya kwanza. Mimi hapo ndipo nikakumbuka maneno ya Gati, nikaichomoa flashi kwa nguvu, na kompyuta ikaganda kabisa. Barua ikabaki ukutani vile vile, na mimi nimesimama na flashi mkononi, mpaka mtu akaenda kuchomoa waya wa projekta.

Hakuna aliyenitukana, na ningeshukuru wangenitukana. Mama Wankuru akainuka, akakaza kanga yake, akanijia karibu akasema taratibu, "Mwalimu, ungesema tu mwanangu. Kile kibuyu nilikuwa nakifukiza kwa sababu huna friji, maziwa yasikuharibikie." Halafu akatoka, na wanawake wenzake wakatoka nyuma yake, na bweni halikuzungumzwa tena.

Nilimfuata nyumbani kwake kuomba radhi, akanipokea vizuri, akanipa kiti, tukaongea habari za mvua. Maziwa hakunipa. Iliniuma kuliko kama angenifukuza.

Uhamisho sijapata. Flashi nimeitumbukiza chooni na nimeapa sitaandika tena neno juu ya mtu ambalo siwezi kumwambia yeye mwenyewe, hata mniahidi siri ya namna gani. Lakini kiapo changu hakimsaidii mbwa. Jumamosi ikifika anatangulia mlangoni, anakaa akiangalia njia ya kwa Mama Wankuru, na mimi niko ndani nakunywa chai ya rangi. Nimeshamfukuza mara nyingi, anarudi pale pale.